Kiapo cha Kidato cha Sita

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita inapoelekea ukingoni mwezi wa Mei, wazazi wa hapa Misungwi hunijia na ombi lile lile. Wengine hunisubiri nje ya kanisa baada ya misa ya pili, wengine hunikuta gulioni. "Mwalimu, kijana anaenda JKT. Tuombee apate jeshi." Kupata jeshi, kwa maana yao, ni kupata ajira: mtoto aitwe kwenye usaili, apimwe afya, apewe namba, alipwe kila mwezi, aezeke bati nyumba ya mama yake kule Mbarika au Misasi. Ninawaombea, tena kwa moyo. Nimefundisha Historia na somo la dini kidato cha tano na sita kwa zaidi ya miaka 30, na hata baada ya kustaafu bado ni mlezi wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, kwa hiyo watoto hao ni wangu pia. Najua bei ya pamba inavyowayumbisha wazazi wao. Najua mvua ikizidi kwenye mbuga za dengu, mwaka wa familia umekwisha.

Lakini kuna swali ambalo sijalisikia kwa mzazi hata mmoja, wala sijalisikia mimbarini. Je, ni halali mbele za Mungu kijana wa miaka 19 kuapa kwamba atatii amri, wakati amri hiyo siku moja inaweza kuwa ya kuua?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa. Naamini Mkristo anaweza kuwa askari na akabaki Mkristo. Naamini vilevile kwamba mtu asiyejua ni jambo gani atalikataa hata akitishwa, hajawa tayari kuapa kutii. Jambo hilo hafundishwi mtu kambini. Anapaswa kwenda nalo, na sisi tuliomlea ndio tunaodaiwa.

Kwa wasioujua utaratibu, niueleze kwa kifupi. Sheria inamtaka kijana aliyemaliza kidato cha sita ahudhurie mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, ndiyo maana tunawaita vijana wa mujibu wa sheria. Majina hutangazwa, kila mmoja na kambi yake: Rwamkoma kule Mara, Msange Tabora, Makutupora Dodoma, Mafinga Iringa, Oljoro Arusha, Mlale Ruvuma. Wenye ulemavu wa kuonekana hupangiwa Ruvu, mkoa wa Pwani. Orodha ya vifaa akina mama wa hapa wanaijua kwa kichwa: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nauli ya kwenda na kurudi. Halafu miezi mitatu ya mchakamchaka, kwata, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza na shabaha, na siku ya kufunga mafunzo ni gwaride na kiapo cha utii. Anayetaka kuendelea ipo njia ya kujitolea ya miaka miwili, na nafasi za kuandikishwa Jeshi la Wananchi, JWTZ, zinapotangazwa, cheti cha JKT ndicho mlango. Wachache hufika Chuo cha Kijeshi Monduli wakatoka na nyota moja begani, Luteni Usu. JKT yenyewe haifichi kitu. Katika matangazo yake husema kwamba haitoi ajira, inawapa vijana malezi na stadi za kazi ili wakajitegemee. Wazazi wanalisikia tangazo hilo, na bado wanakuja kwangu na ombi lao.

Mimi mwenyewe nilikwenda mujibu katikati ya miaka ya 1980, enzi zile ukiwa mwaka mzima, kabla haujasitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Nilipangiwa Mafinga. Kwa binti aliyekulia jirani na ziwa, baridi ya Mafinga ya mwezi wa saba ni jambo la kusimuliwa wajukuu. Sitaki kuubeza mwaka ule. Nililala hanga moja na mabinti wa Kichaga, wa Kimakonde, wa Kizaramo na wa Kihaya. Nilijifunza kupalilia mahindi kwa mstari, kukimbia kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na kula nilichopewa bila kuuliza. Nchi hii niliipenda kule kabla sijaisoma vizuri kwenye vitabu vya Historia.

Kisha ukaja uwanja wa shabaha. Nilikuwa na jicho zuri. Tulilenga ubao uliokatwa kwa umbo la mtu, kichwa na mabega, na afande alipotangaza matokeo yangu wenzangu walinibeba juu juu. Nilifurahi kama mtoto yeyote aliyefaulu. Usiku ule, nikiwa zamu ya lindo, niliwaza: nimefurahia nini hasa? Katekista wangu wa kipaimara alinifundisha amri ya tano nikaijua. Afande alinifundisha kubana pumzi kabla ya kufyatua nikajua. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyekuwa amekaa na mimi akayaweka mafundisho hayo mawili pamoja, akaniambia: sasa, binti, yapatanishe.

Tangu hapo nimekuwa nikiyapatanisha, na nimegundua kwamba walionitangulia ni wengi, na baadhi yao ni Waafrika. Mwaka 295, kule Tebessa, nchi ambayo leo ni Algeria, kijana wa miaka 21 aitwaye Maximilian aliletwa mbele ya gavana wa Kirumi apimwe urefu na kuandikishwa jeshini. Akakataa, akasema yeye ni Mkristo na hawezi. Gavana alijaribu kila njia. Akamkumbusha kwamba wapo Wakristo wanaotumikia hata katika walinzi wa watawala wenyewe. Maximilian hakuwahukumu. Alijibu kwamba wao wanajua linalowafaa, yeye hawezi. Akauawa tarehe 12 Machi. Kuna mtu mwingine katika habari hiyo ambaye husahaulika, na kwangu mimi ndiye aliyebeba habari yote: baba yake. Fabius Victor alikuwepo pale. Gavana alimtaka amshawishi mwanawe, naye akasema kijana ana akili zake, anajua afanyalo. Nitarudi kwa baba huyu.

Karne moja na ushee baadaye, katika Afrika hiyo hiyo ya Kaskazini, askofu Augustino wa Hippo alikuwa na rafiki jemadari, Bonifasi. Alipofiwa na mke wake, Bonifasi alitaka kuacha upanga aingie utawani. Augustino alimzuia. Alimwambia abaki, alinde watu, na akumbuke kwamba vita hupiganwa kwa ajili ya kupata amani, kwa hiyo hata akiwa vitani awe mtu wa amani. Kutoka mbegu hiyo Thoma wa Akwino alikuja kuweka masharti matatu: vita itangazwe na mamlaka halali, iwe na sababu ya haki, na anayepigana awe na nia njema. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulisema askari anayetumikia nchi yake kwa moyo huo anachangia amani, na katika waraka huo huo ukataka sheria ziwatendee kiutu wale ambao dhamiri inawakataza kushika silaha. Kwa hiyo Kanisa langu linamheshimu Bonifasi na linamheshimu Maximilian. Wanafunzi huniuliza yupi kati yao alikuwa sahihi. Huwajibu kwamba wote wawili walikuwa na kitu kimoja: kila mmoja alijua mpaka wake uko wapi, na alikuwa na mtu wa kuzungumza naye juu ya mpaka huo.

Mwalimu mwenzangu Mwislamu, ambaye tulikaa ofisi moja miaka mingi, alinieleza maagizo ambayo Abubakari, khalifa wa kwanza, alimpa kamanda wa jeshi lake: wasimuue mwanamke wala mtoto wala mzee, wasikate miti yenye matunda, wawaache watawa katika nyumba zao za ibada. Nimeyafundisha maagizo hayo darasani kila mwaka tangu siku hiyo. Yanamwambia askari mambo ya kukataa kabla hajatoka nyumbani.

Ugumu wa masharti ya Thoma ni huu. Mawili ya kwanza kijana wa cheo cha chini hana uwezo nayo. Kuruta kutoka Usagara hatajua kwa hakika kama mamlaka imepima sababu kwa haki. Siku ya kwanza ya vita taarifa zote ziko kwa wakubwa. Sharti la tatu, la nia, ni lake peke yake, na hakuna Amiri Jeshi Mkuu anayeweza kumfanyia.

Niliona hilo kupitia kaka yangu. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kaka alikuwa JKT, akapelekwa mbele pamoja na maelfu ya vijana wengine wa JKT na wanamgambo. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Sababu ya vita ile hata mtoto aliielewa: watu waliuawa na ng'ombe kuswagwa, na daraja la mto Kagera likavunjwa. Huku kwetu vita ilikuja kwa njia ya anga. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kulipua hifadhi ya mafuta Mwanza, mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala waliokuwa wakihifadhiwa pale. Nikiulizwa kama vita ile ilikuwa ya haki, nasema ndiyo bila kusita, na nikipita Kaboya, Muleba, ambako mamia ya askari wetu wamelala, husimama nikasali.

Lakini sababu ya haki haikuwalinda vijana wetu dhidi ya nia mbaya. Mji wa Masaka, ndani ya Uganda, ulipotekwa na jeshi letu Februari 1979 ulibomolewa, kwa sehemu kubwa kulipa kisasi cha Kagera. Haya yameandikwa na walioifuatilia vita ile, na hatuna haja ya kuyaficha watoto wetu. Kaka yangu alikuwa miongoni mwa walioingia mjini humo. Alinisimulia miaka mingi baadaye, tukimenya viazi vya michembe uani kwa mama. Wenzake walivunja duka wakawa wanatoa vitenge na redio. Wakamwita. Alibaki barabarani. Nilimuuliza kilichomzuia, nikitegemea angetaja sala au Biblia. Akasema alimwona baba yetu. Baba alikuwa mtu wa sungusungu kabla sungusungu hawajawa na jina hilo. Mwizi alikuwa mwizi kwake hata akiwa mwanawe, na kaka alijua kabisa kwamba kitenge kile asingeweza kukiingiza katika nyumba ile. Wenzake walimcheka, wakamwita padri.

Sitaki kukifanya kisa hicho kikubwa kuliko kilivyo. Hakuzuia duka lisiporwe, wala hakuokoa mtu. Ila kinanionyesha dhamiri ya askari inakotoka. Kaka hakupima masharti ya Thoma pale barabarani. Alipima mlango wa nyumbani, kwamba kuna kitu hakipiti pale.

Sasa tuirudie ile sala ya wazazi, apate jeshi. Historia ya nchi hii imetuonyesha mapema hatari ya askari ambaye kilichomleta ni mshahara tu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na uasi ukasambaa hadi Tabora. Walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Dai la pili lilikuwa la haki kabisa, na la kwanza lilikuwa na hoja. Lakini jeshi lile lilirithiwa kutoka kwa mkoloni, likafundishwa kutii anayelipa, na nchi ya miaka miwili nusura ianguke mikononi mwake. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza wamsaidie, jambo lililomuuma. Kisha akalivunja jeshi hilo na kuunda jipya, JWTZ, tarehe 1 Septemba 1964, akiwachukua vijana wa JKT na wa TANU, akitaka askari awe kwanza raia anayejua anacholinda. Wazo hilo naliheshimu sana. Ndilo lililonipeleka Mafinga miaka 20 baadaye.

Hata hivyo pesa haikuondoka katika mazungumzo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga JKT ya lazima. Hasira yao kubwa ilikuwa juu ya muda na juu ya kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na siku hiyo hiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Niliwafundisha wanafunzi wangu tukio hilo kila mwaka, na kila mwaka waligawanyika katikati. Na Aprili 2021 vijana 854 wa JKT waliondolewa kambini na kurudishwa makwao baada ya kuandamana wakidai ajira jeshini, ajira waliyosema wameahidiwa baada ya kushiriki ujenzi wa miradi ya taifa, ukiwemo ukuta wa Mirerani. Jeshi lilisema ni uasi. Wao waliona wanadai ahadi. Moyo wangu uliuma kwa ajili ya mama zao, kwa sababu najua mama ambaye mtoto wake ametumikia kambini akisubiri kuitwa anavyohesabu miezi. Lakini niliona pia walivyofundishwa na sisi wenyewe. Tangu kidato cha kwanza tuliwaambia jeshi ni ajira. Walipoikosa ajira, waliona hawana sababu nyingine ya kuwa pale.

Namheshimu mtu anayetafuta riziki kwa jasho. Yohane Mbatizaji alipofuatwa na askari wakimuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Mshahara aliutaja. Aliutaja mwisho, baada ya mambo mawili ya kukataa. Sisi tunautaja peke yake, na mtoto anapanda basi akiwa ameelewa kwamba dhambi kubwa kuliko zote anayoweza kutenda kambini ni kurudi nyumbani bila kazi.

Hapo ndipo ninapoiona hatari ya kiroho, na naisema kwa uzito wote nilionao. Kijana ambaye hawezi kurudi nyumbani hawezi kukataa amri. Mfikirie usiku mmoja, porini au mtaani, mkubwa wake amechanganyikiwa kwa hofu au kwa hasira, anamwelekezea mtu aliyenyoosha mikono na kumwambia piga. Sheria iko upande wa kijana. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamkataza kumuua aliyejisalimisha, na mahakama ya Nuremberg ilikataa utetezi wa kusema nilitii tu. Kanisa liko upande wake. Lakini sekunde ile hataikumbuka Nuremberg. Atamkumbuka mama aliyeuza mbuzi apate nauli ya Rwamkoma, na baba aliyesimama mbele ya jumuiya kushukuru kwamba mtoto amepata jeshi. Sala yetu itakuwa imemfunga mikono.

Ndiyo sababu nampenda Fabius Victor. Gavana alitaka kumtumia baba kama kamba ya kumvuta mwana, na baba alikataa kuwa kamba. Ndiyo sababu pia naikumbuka hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2013 kuhusu wanafunzi wa mkoa wa Mbeya, Mashahidi wa Yehova, walioadhibiwa na shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Mimi wimbo wa taifa nauimba kwa machozi, na imani ya Mashahidi siyo yangu. Lakini watoto wale walisimama wima kwa heshima wengine wakiimba, wakanyamaza, wakakubali kupoteza shule, na mahakama ya juu kabisa ya nchi ikasema adhabu ile haikuwa halali. Nawauliza wanafunzi wangu Wakatoliki: nyinyi mna jambo gani ambalo mngekubali kupoteza shule kwa ajili yake? Darasa hunyamaza kwa muda mrefu. Sina haraka, huwaacha wanyamaze.

Kijana mmoja, hodari, aliyekuwa na ndoto ya Monduli tangu kidato cha pili, alinipinga mbele ya wenzake. "Mwalimu, jeshini ukikataa amri unafungwa. Unatufundisha tufungwe?" Nikamwambia ndiyo, amri ikiwa ya kuua asiye na hatia, afadhali ufungwe. Akafikiri, akasema, "Na mama yangu atakula nini?" Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa kichwani mwangu, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na ugali wa mama yake. Nilimjibu kwamba swali hilo ni letu sisi wakubwa, na kwamba ningelipeleka kwa wanaohusika.

Wapo watakaosema nawatia watoto woga, jeshi litapungukiwa. Nawaambia watazame Kongo. Tangu mwaka 2013 askari wetu wamekuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, wakilinda wanakijiji ambao hawajui hata jina la Misungwi. Usiku mmoja wa Desemba 2017, kule Semuliki, zaidi ya 10 kati yao waliuawa. Januari 2025, vita ilipopamba moto kuelekea Goma, tukapoteza wengine wawili. Mtu hawezi kufa hivyo kwa ajili ya mshahara. Anakufa hivyo kwa sababu ndani yake kuna mpaka: mwanamke huyu na watoto hawa hawaguswi nikiwa hapa. Mpaka huo huo unaomfanya asimame mbele ya waasi ndio utakaomfanya akatae amri chafu. Jeshi letu linahitaji vijana wa namna hiyo kuliko wale wanaotii tu, na naamini maofisa wazuri, nao wapo wengi, wanalijua hilo.

Kwa hiyo nilimwendea paroko. Nilimwambia kwamba kijana anayetaka kuoa katika parokia yetu hafungi ndoa kabla ya mafundisho. Anakaa na katekista, anakaa na wazee wa ndoa, anaulizwa kama yuko huru, na tangazo linasomwa kanisani ili mwenye pingamizi aseme. Kijana huyo huyo akienda kula kiapo cha kijeshi, anapata baraka ya dakika moja mwisho wa misa na kunyunyiziwa maji. Nilimwomba tuweke mafundisho ya kiapo. Mada zake nilikuwa nimeziandika kwenye daftari: Bonifasi na Maximilian, Masaka na Semuliki, amri ya tano, maagizo ya Abubakari, na askari mstaafu wa hapa hapa wilayani aje aseme ukweli wa maisha ya kambi. Paroko alisoma mpaka mwisho. Akaniuliza kwa nini nimeandika kwamba kikao cha mwisho wahudhurie wazazi, wakati kiapo ni cha kijana. Nikamsimulia habari ya ugali.

Kikao hicho tulikifanya mwaka jana kwa mara ya kwanza. Kila mzazi aliombwa kumwambia mtoto wake, kwa kinywa chake na mbele yetu, kwamba akifukuzwa jeshini kwa kukataa kutenda uovu, nyumbani atapokelewa kwa heshima, kazi ipo au haipo. Tulidhani ni jambo la dakika chache. Lilichukua mchana mzima. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa wa kwanza, akasema bila kusita na akamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Wengine walifuata kwa shida, sauti chini. Baba mmoja, mkulima wa mpunga, alisimama akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kuahidi. Nimeuza ng'ombe wawili kumsomesha huyu. Akirudi mikono mitupu sijui nitakavyokuwa siku hiyo, na sitaki kudanganya kanisani." Mwanawe alikuwa ameketi pembeni yake.

Nilimshukuru, kwa sababu alikuwa amesema jambo ambalo wengine walilimeza. Paroko alimwomba abaki baada ya kikao, na wakazungumza chini ya mwembe hadi jioni. Nilichokiona ni kwamba wiki iliyofuata alikuja yeye mwenyewe na kijana wake kwa yule askari mstaafu, wakakaa wote watatu. Mwaka huu mafundisho yanaanza Februari, kabla ya mitihani, na wazazi wataitwa tangu kikao cha kwanza. Yule mkulima wa mpunga ameombwa azungumze na akina baba.